Fyuzi Imekata? Mtafute Kwanza Aliyeikata

Mvua zikianza hapa Kigoma, meza yangu pale Mwanga hujaa runinga na ving'amuzi vyenye kilio kimoja: "Fundi, radi ilipiga jana usiku, tangu hapo haiwaki." Nawaandikia vijana mnaojifunza, maana bodi nyingi zinaponea kwenye radi halafu zinakuja kuungulia mezani kwetu.

Hatua ya 1. Mhoji mwenye mali. Ilizimika radi ilipopiga, au umeme uliporudi? Kuna fundi aliyeifungua kabla yako? Kama yupo, usiamini kitu chochote ulichokikuta ndani, hata fyuzi.

Hatua ya 2. Chomoa waya ukutani, fungua, tazama, nusa. Fyuzi ya kioo inaongea. Uzi ukiwa umekatika na kioo ni safi, huenda ilizidiwa kidogo tu. Kioo kikiwa cheusi, au kimeng'aa kwa ndani kama kimepakwa fedha, kuna shoti kubwa mbele yake. Karibu na fyuzi tafuta varista, kinga ya umeme uliozidi ghafla: ni kile kidonge bapa ambacho mara nyingi ni cha bluu. Radi hukipasua kikabaki na doa la moshi.

Hatua ya 3. Mwaga chaji. Volti 230 za ukutani zikishapita kwenye daiodi, vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, hufika kama volti 325 kwenye kapasita kubwa, kipuri kinachotunza chaji, na zinaweza kubaki humo hata waya umechomolewa. Shika rezista ya wati 5, omu 2,000 hivi, kwa koleo lenye mpira, gusisha miguu ya kapasita sekunde chache, kisha hakikisha kwa mita. Bisibisi hapana! Cheche yake inaunguza bodi, na inaweza kukurukia machoni.

Hatua ya 4. Weka mita kwenye alama ya daiodi, upime daiodi nne za mwanzo. Daiodi nzima husoma volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, upande wa pili haisomi. Ikipiga mlio pande zote, imekufa. Baada ya hapo pima transista kubwa iliyofungwa kwenye bati la kupoozea. Ukiona yoyote imeshoti ndani ya bodi, ing'oe uipime tena nje kabla hujaihukumu.

Hatua ya 5, na hii ndiyo niliyotaka hasa kuandika. Ukishabadilisha vilivyokufa, fyuzi ikiwemo, usichomeke moja kwa moja ukutani. Funga balbu ya uzi ya wati 60 au 100 kwenye njia ya waya mmoja wa umeme, ifuatane na kifaa. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii. Washa. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, shoti imeondoka. Ikiwaka kwa nguvu bila kushuka, zima, rudi hatua ya 4. Balbu imebeba mzigo wote na vipuri vyako vipya vimesalimika.

Hatua ya 6. Hakikisha fyuzi uliyoweka ina ampia zilezile zilizoandikwa kwenye bodi. Nikiwa mwanafunzi, fundi mmoja alifunga uzi wa waya mahali pa fyuzi, kazi ikatoka. Wiki haikuisha, mama mwenye runinga akairudisha njia za shaba zimebabuka hadi chini, na chumba chake kilikuwa kimejaa moshi watoto wamelala. Tangu siku ile sijafunga uzi.

Iache iwake saa nzima mbele yako, halafu mpigie mwenyewe. Akija, mkabidhi na vipuri vibovu ndani ya bahasha, umwonyeshe kile kidonge kilichopasuka.