Chai ya Asubuhi kwa Mwenye Kisukari: Kitoweo Kwanza, Kitafunio Baadaye

Kwetu Zanzibar mtu akikuuliza kama umeshakunywa chai hakuulizi habari ya kinywaji. Anakuuliza kama umekula. Ndani ya neno hilo moja ndimo ilimo shida ya mwenye kisukari, kwa sababu chai yenyewe imezoeleka kuwa tamu, na kinachoandamana nayo ni unga: maandazi, chapati, vitumbua, boflo, mkate wa maji au mkate wa ajemi. Samaki, mayai na mbaazi, ambavyo vinashibisha bila ya kuipandisha sukari ya damu kwa kasi, huwekwa pembeni kama kitu cha kuchovyea tu. Maelezo haya yanaonesha namna ya kuugeuza mpangilio huo, ili kitoweo kiwe ndicho chakula na kitafunio kiwe ndicho cha pembeni, bila ya mtu kulazimika kununua vyakula vya kigeni ambavyo havimo katika maduka ya mtaani kwake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina wanga, yaani kile ambacho mwili hukigeuza kuwa sukari ya damu, wa gramu 4 hivi, kwa hiyo kikombe kilichotiwa vijiko vitatu kina gramu 12 kabla hakijatiwa maziwa. Andazi la kiasi lina gramu 20 hadi 25, na kipande cha boflo, kwa kutegemea unene wake, gramu 12 hadi 15. Aliyekunywa kikombe kimoja na maandazi matatu amekwishapitisha gramu 70 za wanga. Yai zima, kwa upande wake, halifikishi hata gramu 1, na kipande cha samaki kisichopakwa unga hakina wanga kabisa. Kwa kuwa mlo wa siku nzima huhesabiwa kuwa wa wanga kidogo unapokuwa chini ya gramu 130, watu wengi huona inawafaa chai ya asubuhi ikae baina ya gramu 15 na 30, ambazo ni sawa na kipande kimoja au viwili vya mkate.

Kabla hujapunguza chochote, hata hivyo, ziangalie dawa zako. Anayejidunga insulini, au anayemeza vidonge kama glibenklamaidi na gliklazaidi, akipunguza wanga ghafla huku akibaki na kipimo kilekile cha dawa anaweza kushukwa na sukari kupita kiasi, na hilo ni la hatari zaidi kuliko andazi alilolikwepa. Ni lazima azungumze kwanza na daktari wake ili kipimo kirekebishwe. Anayetumia metformini peke yake kwa kawaida hana hofu kubwa ya namna hiyo. Wanaotumia dapagliflozini wasiukate wanga kwa ukali bila ya ushauri, kwani dawa hiyo pamoja na upungufu mkubwa wa wanga huweza kusababisha tindikali za ketoni, zile zitokanazo na mwili kuunguza mafuta, kuzidi katika damu. Na wajawazito, pamoja na wenye maradhi ya figo, wana miongozo yao ambayo haimo humu. Ukitokwa na jasho, ukatetemeka, moyo ukaenda mbio, na kipimo kikaonesha chini ya milimoli 4 kwa lita, kunywa maji yaliyokorogwa vijiko vitatu au vinne vya sukari, subiri dakika 15, kisha pima tena. Hapo si wakati wa kuogopa sukari.

Wengi hushangaa kuona kwamba sukari yao iko juu alfajiri, ilhali usiku kucha hawajala kitu. Sababu ni kwamba kuanzia usiku wa manane mwili hutoa homoni za kutuamsha, ikiwemo kotisoli, ambazo huliamrisha ini kumwaga glukosi katika damu na papo hapo huidhoofisha kazi ya insulini. Kwa hiyo chapati ileile iliyoliwa saa moja asubuhi huweza kuipandisha sukari zaidi kuliko ikiliwa mchana, na hii ndiyo sababu ya mimi kushikilia kwamba anayetaka kubadilisha mlo mmoja tu katika siku aanze na huu.

Mama yangu mkubwa, aliyeko Wete kisiwani Pemba, alikuwa ameacha maandazi kwa muda mrefu na akijivunia uji wake wa mtama usiotiwa sukari, hali ya kuwa kila akipima baada ya chai hukuta 13 au 14. "Mwanangu, mtama si dawa?" aliniuliza, na mashine imo mkononi. Mtama ni nafaka nzuri, nilimwambia, lakini uliosagwa ukawa laini kama poda, ukachemshwa na ukanywewa bakuli zima, tumbo halina kazi yoyote iliyobaki ya kuufanyia. Unga wa rangi ya kahawia unabaki kuwa unga, na mkate wa mofa, ule wa unga wa mtama, nao, kwa sifa zake zote, haumo katika orodha ya vitu vya kula bila ya kipimo. Tulichokifanya si kumnyima uji, bali kuupunguza hadi nusu kikombe na kumtangulizia kipande cha samaki changu wa kuchoma aliyebaki jana yake, pamoja na tango lililokamuliwa ndimu. Kula protini na mboga mwanzo, na wanga mwisho, hupunguza kasi ya kupanda kwa sukari hata pale ambapo vyakula ni vilevile.

Samaki wa jana ndiye rafiki mkubwa wa asubuhi ya Kizanzibari, na sioni kwa nini tumuonee haya. Jodari, nguru au dagaa waliopikwa jioni na kuhifadhiwa vizuri huhitaji kupashwa moto tu. Ng'onda, yaani samaki wakavu wa chumvi, nao hawana wanga, ila chumvi yao ni nyingi, na kwa kuwa wenye kisukari wengi wana shinikizo la damu pia, heri waroweshwe na maji yamwagwe mara mbili, au waachwe kwa siku za hamu.

Pasipo samaki, kuna mayai. Kwa mtu mmoja, katakata kitunguu kidogo na tungule mbili, ukaange kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka maji ya tungule yakauke na mafuta yaanze kujitenga pembeni ya kikaango. Tia konzi mbili za mchicha uliooshwa na kukatwa, ugeuze kwa dakika mbili unyauke, kisha upishe katikati, uvunjie mayai mawili, upunguze moto na ufunike hadi utando mweupe ushike. Nyunyiza pilipili manga. Ni vyema mchicha uwe mwingi kuliko yai, kwa kuwa nyuzinyuzi zake ndizo zitakazokufikisha saa sita bila ya kutafuta kashata. Nusu ya parachichi lililoiva ikiwekwa kando ya sahani, mkate hutamaniki sana.

Mbaazi, kunde, choroko na maharage vinahitaji uangalifu wa namna yake. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina wanga wa gramu 20 hivi, lakini sehemu yake ni nyuzinyuzi, na uliobaki humeng'enywa polepole. Tatizo ni desturi yetu ya mbaazi kwa maandazi, ambapo wanga huongezwa juu ya wanga. Anayekula mbaazi azihesabu kuwa ndizo wanga wake wa asubuhi na asitafute kingine. Tui liwe jepesi, la mkamuo wa pili, kwa sababu mafuta ya nazi, ingawa hayapandishi sukari, yana wingi wa aina ile ya mafuta inayoongeza lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu. Bajia za kunde ni nafuu kuliko kitumbua, ambacho ni mchele na sukari vilivyokutana kikaangoni, ila mbili zinatosha.

Muhogo na viazi vitamu havilingani, japo huliwa kwa namna moja. Gramu 100 za muhogo zina wanga wa zaidi ya gramu 30, na kiazi kitamu cha uzito huohuo kina gramu 20 au pungufu kidogo. Ukitamani kimojawapo, chagua kiazi, ukichemshe na maganda yake, na kiwe kidogo cha kuenea kiganjani.

Chai yenyewe haina kosa. Ikipikwa kwa tangawizi, iliki, mdalasini na mchaichai hubaki na ladha hata bila ya sukari, na ulimi huzoea iwapo unapunguza nusu kijiko kila wiki badala ya kuacha yote siku moja. Maziwa nayo yana sukari yake ya asili, gramu 12 hivi katika kikombe cha mililita 250, kwa hiyo chai ya rangi au yenye maziwa kidogo inafaa zaidi kuliko ya maziwa matupu. Asali, sukari guru na tende ni sukari, hata zikiwa na heshima yake. Mdalasini ni kiungo; asikuambie mtu kwamba unashika nafasi ya kidonge.

Anayekula nje, tuseme amewahi kazini na anapita sokoni Darajani au Mwanakwerekwe, aagize supu ya kuku au ya nyama yenye ndimu, pamoja na mayai mawili ya kuchemsha, na aseme mapema kwamba hataki chapati, kwani ikishaletwa mezani huliwa.

Jambo la mwisho ni kupima, maana miili haifanani. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza. Kwa watu wazima wengi lengo la kabla ya kula ni milimoli 4.4 hadi 7.2 kwa lita, na baada ya kula ni chini ya 10, isipokuwa daktari akikupangia lengo jingine. Kwa kuwa stripu, vile vibanzi vya kupimia damu, ni ghali, si lazima kupima kila siku. Chagua asubuhi mbili katika wiki, moja ya chakula ulichokizoea na moja ya kipya, na uandike papo hapo katika daftari utakalokwenda nalo kliniki. Mstari mmoja unatosha: tarehe, ulichokula na kiasi chake, namba ya kabla, namba ya baada, na dawa uliyomeza. Katika daftari la mama mkubwa mstari wa juzi unasomeka hivi: changu nusu, tango, uji nusu kikombe, 6.8, halafu 9.1.