SOMO: Oili ya gia boksi ya pikapu ya oto, umwage mwenyewe au umpe fundi?

Wadau, swali hili nimelijibu mara nyingi mpaka nimechoka. Leo naandika lote, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Nazungumzia pikapu za Toyota zinazotumia oili ya WS (oili ya Toyota ya gia boksi za oto), zile ambazo gia boksi haina stiki ya kupimia oili.

1. Gari lisimame tambarare, juu ya stendi nne. Jeki peke yake hapana.

2. Fungua nati ya kujazia KABLA ya nati ya kumwagia. Chumvi ya bahari hapa Tanga inazigandisha. Ikigoma, bado una oili ndani, washa gari uende kwa fundi.

3. Fungua nati ya kupimia (ile inayoonyesha kimo cha oili), kinga oili kidogo kwenye kitambaa cheupe. Ikiwa nyekundu iliyofifia au kahawia, endelea. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, au ukiweka D gari linachelewa kushika, funga, rudishia ulichokinga, nenda kwa fundi wa gia boksi. Oili mpya haifufui plati (sahani za klachi za ndani ya gia boksi) zilizoungua.

4. Mwaga, upime lita zilizotoka. Haitoki yote, nyingine inabaki kwenye toki konveta, kile kiungo kati ya injini na gia boksi.

5. Shusha sampo, lile bakuli la oili chini ya gia boksi. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida. Weka filta na gasketi mpya. Bolti za sampo ni ndogo, zinakatika.

6. Jaza kiasi kilekile kilichotoka.

7. Kupima. Hapa ndipo nilipoharibu. Pikapu yangu inataka oili ipimwe ikiwa nyuzi 35 hadi 45 (lako soma kitabu chake). Mimi nilipima saa saba mchana, Chumbageni, gari limetoka barabara ya Pangani. Oili ilikuwa imevimba kwa joto, ikamiminika kwenye nati ya kupimia, nami nikaiacha mpaka ikakata. Nikafunga nikijua nimemaliza. Kumbe ilipopoa ilikuwa pungufu. Kesho yake nilibeba simenti kwenda Lushoto. Tulipoanza kupanda kutoka Mombo kuelekea Soni, injini inanguruma, gari halisogei. Plati ziliungua, gia boksi nzima ikafunguliwa.

Kwa hiyo pima alfajiri, gari likiwa limelala. Washa injini, zima AC, pitisha gia zote taratibu kisha rudi P. Soma joto la oili kwa mashine inayochomekwa kwenye gari, usikisie kwa mkono. Ikifika 35 fungua nati ya kupimia. Mkondo ukigeuka matone, funga. Isipotoka kitu, ongeza mpaka itoke. Ikipita 45, zima usubiri ipoe. Huna mashine ya kusoma joto? Mpe fundi.

MASWALI

Mdau wa Pongwe: Mkuu, sina mashine, nikipima mchana kwa makadirio?
— Rudia hatua ya 7.

Mdau wa Pongwe: Nimeuliza tu, mbona mkali?
— Nimelipia gia boksi nzima kwa makadirio hayo hayo. Sitaki nawe ulipe.

Dereva wa Muheza: Oili ya injini imebaki lita mbili, nichanganye?
— Usithubutu.

Mama Pikapu: Kaka, kitambaani imetoka rangi ya chai ya maziwa. Ni nini?
— Dada, umefanya vizuri kuitazama. Oili ya gia boksi hupita ndani ya rejeta ili ipoe. Njia yake ikitoboka, maji yanaingia, na maji hubandua plati. Usiliwashe tena, livutwe. Anza na rejeta, kisha gia boksi isafishwe yote. Kagua na maji ya rejeta, ukiona utando wa mafuta juu ndiyo hiyo.

Mchukuzi wa Lushoto: Nikishuka na mboga niache D?
— Shusha gia hadi 2 kabla ya mteremko. Breki zako zitapumua.

Mdau wa Raskazone: Mimi nati ya kujazia huwa naipaka grisi, haijanigomea tena.
— Vizuri. Paka kichwa chake kwa nje tu, uzi uache mkavu, grisi isiingie ndani.