Kikombe kimoja cha maji: kutunza kinywa hapa Goma

Maji ni shida Goma, hilo halina ubishi. Tunaishi juu ya mawe ya lava, mvua ikinyesha inazama chini papo hapo, na aliye mbali na ziwa ananunua bidoni (dumu) la maji au anapanga foleni. Wagonjwa wanaoketi kwenye kiti chetu cha meno, upande wa Ndosho ninakofanya kazi ya kumsaidia dentisti, wananiambia neno hilohilo: "Mama, maji ya kupikia yenyewe hayatoshi, ya kuswaki kila siku nitayatoa wapi?" Nawaandikia wao. Kuswaki hakutaki bidoni. Kunataka kikombe kimoja cha chai, na ukiswaki vizuri utabakiza.

Jaza kikombe maji unayoweza kunywa. Chovya brosi, weka dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere. Anzia nyuma, kwenye magego ya chini, upande wa ulimi, maana huko wengi wanaruka. Ilaze brosi kidogo ili nywele zake ziguse pale jino linapokutana na ufizi, usugue kwa mwendo mfupi mfupi bila kutumia nguvu. Ukifika kwenye meno ya mbele ya chini, isimamishe brosi uipitishe kwa ndani. Pale ukoga huganda ukawa mgumu, na ukishaganda brosi haiutoi tena, mpaka dentisti aukwangue. Chukua dakika 2 kamili. Maliza kwa ulimi.

Kisha tema, na usisukutue. Watu wanashangaa nikisema hivyo. Ndani ya dawa ya meno mna floridi, nayo ndiyo inayolikaza jino lisitobolewe na asidi. Ukisukutua kwa maji mengi, umeitoa yote nje. Tema povu, basi, liache lililobaki lifanye kazi. Maji ya kikombe yaliyosalia osha nayo brosi, uisimamishe kichwa juu mahali penye hewa. Unaponunua tyubu, soma ubavuni: iwe imeandikwa fluor au fluorure, na namba iwe kati ya 1000 na 1500 ppm.

Swaki asubuhi na usiku, na kama siku imekushinda kabisa, ya usiku usiiache. Tukilala mate yanapungua, na mate ndiyo yanayoosha kinywa na kuvunja asidi. Chakula kilichobaki kati ya magego saa 3 usiku kinakaa hapo mpaka asubuhi. Fizi zikitoa damu wakati wa kuswaki, usiogope ukaacha. Mara nyingi ni ukoga unaozichokoza. Endelea kwa upole, na damu inapungua wiki ya kwanza au ya pili. Isipopungua, njoo tukuone.

Kijiti cha mti kinasafisha kwa mtu anayejua kukitumia, ncha ikiwa imetafunwa ikawa laini. Ila hakina floridi, kwa hiyo ukiweza kukipaka dawa ya meno kidogo, kipake. Mkaa, majivu na mchanga mweusi wa lava, achana navyo. Vinakwangua ngozi ngumu ya jino, na ile ikiisha hairudi. Baada ya hapo kila chai ya moto inatia ganzi.

Kila mtoto awe na brosi yake. Naelewa bei, lakini brosi moja kwa watoto watatu inapitisha damu ya fizi kutoka mdomo hadi mdomo. Funga uzi wa rangi tofauti kwenye kila mpini: mwekundu wa mkubwa, bluu wa wa pili, kijani wa mdogo, hata asiyejua kusoma anaijua yake. Ibadilishe nywele zikitawanyika, au baada ya miezi 3. Mtoto wa chini ya miaka 3 anapakiwa dawa kiasi cha punje ya mchele, kuanzia jino la kwanza linapotoka. Kuanzia miaka 3, punje ya njegere. Na mzazi ndiye ashike brosi mpaka mtoto afike miaka 7 hivi, maana kabla ya hapo mkono wake haujui kufika nyuma.

Kuhusu sukari, nataka mnisikilize vizuri, maana watu wanadhani hatari ni wingi wake peke yake. Kila ukitia kitu kitamu mdomoni, vijidudu vinatengeneza asidi, na asidi hiyo inakaa karibu nusu saa kabla mate hayajaimaliza. Mama anayekaa sokoni Virunga na termosi ya chai ya sukari, anainywa funda kwa funda toka asubuhi mpaka mchana, meno yake hayapumziki hata mara moja. Aliyekunywa kikombe hichohicho mara moja pamoja na mandazi yake, ameumiza meno mara moja. Sukre, yaani soda, ni vivyo hivyo, na muwa pia. Kula kitamu chako wakati wa chakula, halafu katikati kunywa maji. Mtoto naye asilale na biberoni, yaani chupa ya kunyonyea, ya uji wa sosoma (unga wa mtama, soya na mahindi) wenye sukari mdomoni. Tunawaona hao, meno manne ya mbele ya juu yameliwa mpaka kwenye ufizi, na mtoto hajafika hata miaka mitatu.

Kuna madoa mengine ambayo hayatoki kwa kuswaki, na watoto wengi wa huku wanachekwa kwa ajili yake. Ni ya kahawia au meupe kama chaki, yamo ndani ya jino lenyewe. Moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo unabeba floridi, na upepo mara nyingi unausukuma magharibi, upande wa Rusayo na Sake. Mvua inapopita katika moshi ule inaishusha floridi kwenye mabati, na kutoka mabati inaingia kwenye tangi. Kidogo kinakaza jino, lakini kikizidi kinaliharibu likiwa bado linaumbika ndani ya taya, yaani katika miaka 8 ya kwanza hivi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi haiondoki. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Ukiwa na chaguo, maji ya mvua yaliyokingwa moshi ukiwa juu ya paa lako yawe ya kufulia na kuoshea, wadogo watafutiwe maji mengine ya kunywa na ya uji. Mvua ya kwanza iache ioshe mabati kwanza. Mtoto mchanga anyonye: maziwa ya mama yana floridi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji hayo. Na asiwepo mzazi anayempiga mtoto kwa madoa haya akidhani ni uchafu.

Sasa ibyinyo, yaani ule uvimbe wa ufizi wa mtoto mchanga ambao watu huung'oa wakidhani ni jino baya linaloleta ugonjwa. Juzi mama mmoja aliingia na mtoto wa miezi 6, anaharisha, ana homa. Akanifunulia ufizi: "Dada, angalia hapa pamevimba peupe. Bibi yake anasema yang'olewe kabla hayajamuua." Nilimshika mkono, nikapitisha kidole chake mwenyewe juu ya ufizi ule, laini, mzima, bila kidonda. Kile cheupe kilichovimba ni chonge la utotoni linalojiandaa kutoka, kila mtoto analo. Anayelichokoa kwa sindano au spoku ya baiskeli anamwachia mtoto damu isiyokatika, pepopunda, maambukizi ya damu, na mara nyingi anaharibu pia chonge la ukubwani lililo chini yake. Kuhara na homa vina dawa zake: maji ya ORS na zinki, kipimo cha malaria, na kituo cha afya siku hiyohiyo. Tafadhali, mama wakwe na mabibi, ninyi ndio mnaosikilizwa nyumbani. Katazeni kung'oa huko.

Jino likianza kuuma, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi. Mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini anaweza kumeza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500, angoje saa 6 kabla ya kurudia, visizidi 8 kwa siku. Aspirini usiiweke juu ya ufizi, inauchoma ukawa mweupe na kidonda kinabaki. Asidi ya betri na petroli, jamani, hapana. Amoksisilini ya farmasi nayo hailitibu jino lililotoboka. Maumivu yanatulia, tundu linaendelea kuchimbika, na baada ya wiki chache unarudi ukiwa na jino la kung'oa ambalo lingeweza kuzibwa. Nikiwa na uwezo ningewaleta wote siku ile jino linaposhtuka kwa maji baridi tu, maana siku hiyo kuziba ni rahisi.

Usingoje kesho ukiona uvimbe unashuka chini ya taya au kupanda kwenye jicho, mdomo haufunguki, kumeza kunashindikana, pumzi inabana, au homa kali imeungana na jino. Hiyo ni hospitali, hata kama ni usiku. Na mtoto aliyedhoofika kwa njaa, surua au malaria, hasa aliye kambini, mwangalieni fizi kila siku. Kidonda kinachotoa damu, kinywa kinachonuka vibaya ghafla na shavu linalovimba vinaweza kuwa ugonjwa uitwao noma. Inakula uso kwa siku chache, lakini ikikutwa mwanzoni inatibika kwa antibiotiki, usafi wa kinywa na chakula. Haiambukizi, msimfiche mtoto.

Mtu akianguka na pikipiki na jino la ukubwani likachomoka zima, lishike upande mweupe, usiguse mzizi. Lisafishe haraka kwa maziwa au maji kidogo bila kusugua, lirudishe kwenye tundu lake, aume kitambaa, mkimbilie kwa dentisti ndani ya nusu saa au saa. Likikataa kuingia, litie kwenye maziwa. La utotoni halirudishwi.

Ukishang'olewa, uma kile kitambaa laini ulichowekewa tunduni kwa nguvu nusu saa bila kukichungulia. Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme-teme, usivute sigara, usinywe kwa mrija. Damu iliyoganda tunduni ndiyo kifuniko, na ikitoka mfupa unabaki wazi na kuuma kuliko jino lenyewe. Ugali laini na sombe iliyopoa vinatosha siku hiyo, tafuna upande wa pili. Kesho yake anza maji ya chumvi taratibu kila baada ya kula, na meno mengine uswaki kama kawaida. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, rudi pale ulipong'olewa.