Mabegi ya safari ndefu ya pikipiki: kuchagua, kufunga na kupanga kwa barabara za Katanga

Anayetoka Lubumbashi kwenda Likasi (kama kilomita 120) na kuendelea hadi Kolwezi (nyingine kama 180) anapita lami, peaji na malori ya madini. Anayeshika njia ya Kasenga, Bunkeya au maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu anakutana na udongo, mchanga na vumbi jekundu linaloingia hata pale maji yasipoingia. Safari hizi mbili hazitaki begi moja. Ila zote huanza na hesabu ileile, na wengi huiruka: pikipiki yako inabeba kilo ngapi?

Fungua kitabu cha pikipiki, tafuta uzito wa juu wa jumla, kisha toa uzito wa pikipiki ikiwa imejaa esansi. Tuseme kitabu kinaandika jumla ya kilo 280 na pikipiki ina 125. Zinabaki 155. Dereva wa kilo 75, akishavaa kofia, kikoti na buti, anafika 82. Sasa zimebaki 73. Mpakie mwenzako wa kilo 65 na mzigo wote unaoruhusiwa unakuwa kilo 8. Ndiyo maana tunasema wazi: watu wawili pamoja na mabegi ya wiki nzima si kazi ya pikipiki ya cc 125 wala 150. Ukiwa peke yako kwenye Boxer, TVS au Haojue, jiwekee kikomo cha kilo 25, hata kama hesabu inakupa zaidi, kwa sababu mashimo huongeza nguvu inayopiga chuma mara kadhaa kuliko uzito uliopima nyumbani.

Porbagaji, yaani chuma cha nyuma cha kubebea mizigo, nayo ina kikomo chake, mbali na kile cha pikipiki. Kwenye pikipiki nyingi ndogo ni kati ya kilo 3 na 10, na mara nyingi kimeandikwa kwenye kibandiko au kitabuni. Usishangazwe na porbagaji ya Yamaha AG100 kubeba mizigo ya shamba. Ile iliundwa kwa kazi hiyo. Porbagaji nyembamba ya pikipiki ya mjini hupasuka kwenye kona ya kuchomelea, na kwa kawaida hupasuka mbali na fundi.

Baada ya kilo, mahali pa kuziweka. Mzigo uliokaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma hunyanyua gurudumu la mbele. Chukua umbali kati ya magurudumu kuwa sentimita 130. Weka kilo 20 sentimita 30 nyuma ya ekseli: 20 mara 30, gawanya kwa 130, gurudumu la mbele limepoteza kilo 4.6. Kwenye lami utahisi usukani umekuwa mwepesi. Kwenye mchanga utashindwa kuuelekeza. Kilo hizohizo zikishushwa pembeni mwa kiti, mbele ya ekseli, gurudumu la mbele halipotezi kitu, na pikipiki inalala kwenye kona bila kubishana nawe. Kwa hiyo begi la kwanza kununua ni sakoshi, yaani mabegi ya kuning'inia pembeni. Kofri (sanduku) kubwa ya nyuma, ambayo ndiyo watu huipenda, iwe ya mwisho, tena ibebe vitu vyepesi tu.

Laini au ngumu? Kwa njia za udongo tunapendekeza sakoshi laini bila kusita. Pikipiki ikianguka mchangani, sakoshi laini inabonyea na kurudi. Sanduku la alumini linapinda mdomo, mfuniko haukai tena sawasawa, na kuanzia hapo vumbi na mvua vinaingia kila siku. La plastiki hupasuka kwenye vishikio. Lakini hatari kubwa ni mguu. Kwenye mchanga unashusha miguu kusaidia mizani. Pikipiki inasonga mbele, mguu unabaki nyuma, na ukingo mgumu wa sanduku unaugonga kwenye muundi au kuubana chini. Watu wamevunjika miguu hivyo.

Sanduku gumu lina haki yake kwa anayebaki kwenye lami, anayelala mjini na anayetaka kufuli. Likiwa la alumini, bati lake liwe la milimita 1.5 hadi 2. Pima pia upana: masanduku mawili yasizidi sana upana wa usukani, kwa sababu unapojipenyeza kati ya malori ya Kasumbalesa, macho yako yanapima kwa usukani, hayapimi kwa kilicho nyuma yako.

Kwa ujazo, lita 20 kila upande na begi la kukunja la lita 30 linalolala juu ya kiti zinatosha wiki nzima kwa mtu mmoja. Ukinunua la lita 60, utalijaza. Kila mtu hulijaza.

Kitambaa ndicho kinachotenganisha begi la safari na begi la shule. Nailoni nene ya denia 1000 (denia ni kipimo cha unene wa uzi) inavumilia kukwaruzwa, lakini peke yake haizuii mvua ya saa mbili. Bashi (turubai) ya PVC, ile ya malori, ya gramu 650 hadi 900 kwa mita ya mraba, inazuia maji na inapatikana kwetu, na fundi anayeshona bashi za malori anaweza kukutengenezea sakoshi nzuri. Mwambie mambo matatu. Mishono ya chini iepukwe: bashi izunguke chini kama kipande kimoja, mshono upande pembeni, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Mikanda ya kubebea ishonwe ikizunguka begi zima chini yake, isishikizwe juu tu, la sivyo itang'oka na kipande cha bashi. Na mdomo uwe wa kukunja, bila zipu. Vumbi la laterite husaga meno ya zipu hadi inafunguka yenyewe nyuma ya kigari chake. Mdomo wa kukunja hufungwa kwa mikunjo isiyopungua mitatu. Ukiishia mmoja kwa sababu begi limejaa kupita kiasi, maji yanapanda ndani. Acha robo ya juu ya begi tupu.

Hata ukiwa na begi bora, weka mfuko wa pili ndani, wa rangi nyepesi ili uone kilichomo. Kati ya Novemba na Aprili, msimu wa mvua, hili si la hiari. Na kwa safari za Juni na Julai, acha nafasi tupu ya kikoti: asubuhi utakivaa kwa baridi, saa sita mchana utatafuta pa kukiweka.

Sasa fremu ya pembeni, inayozuia sakoshi zisiingie kwenye gurudumu. Kwa fundi wa kuchomelea, agiza bomba la chuma la kipenyo cha milimita 16 au 18, ukuta wake milimita 1.5 hadi 2. La ukuta wa milimita 1 ni jepesi na rahisi kupinda, lakini mtikisiko unalikata kando ya weldi. Kila upande ushikwe sehemu tatu: mbili juu kwenye fremu ya kiti, moja chini karibu na kikanyagio cha abiria. Kisha, na hapa mafundi wengi husahau, unganisha kulia na kushoto kwa bomba moja linalopita nyuma, chini ya kibao cha namba. Bila bomba hilo, pande mbili zinapepea kila moja peke yake, boliti zinalegea, na baada ya siku mbili za udongo sakoshi inagusa tairi.

Fremu ifungwe kwa boliti za M8 za daraja 8.8 na nati zenye plastiki ndani. Usikubali ichomelewe moja kwa moja kwenye fremu ya pikipiki: joto hudhoofisha chuma pembeni mwa weldi, na siku utakapohitaji kuitoa itabidi ukate. Ikiwa lazima kuchomelea kitu kikiwa bado juu ya pikipiki, toa waya wa batri na chomoa CDI (kifaa cha umeme kinachowasha plagi) kwanza, maana umeme wa mashine unaweza kuiua.

Bomba la moshi liwe mbali na begi angalau sentimita 5, na kati yake liwekwe bati la alumini lililoinuliwa kwa washa (ringi za boliti) ili hewa ipite nyuma yake. PVC hulainika kabla ya kuungua. Utaiona inang'aa na kubonyea, huo ndio wakati wa kurekebisha. Halafu waketishe watu wawili juu ya pikipiki yenye mabegi, wabonyeze springi hadi mwisho. Uchuchumae utazame: tairi, mnyororo na mkono wa gurudumu visiguse kitu popote, na taa za kona zionekane kutoka nyuma.

Kufunga mzigo kwa kamba za mpira wa tyubu kumezoeleka, na waendesha baiskeli wanaobeba makala (makaa) wanaonyesha kila siku jinsi inavyoshika. Iwe kifungo cha pili. Kifungo cha kwanza kiwe mkanda wa upana wa milimita 25 wenye bakali ya kubana, miwili, ikipishana na kushika sehemu nne tofauti. Mmoja ukikatika, mwingine unabaki. Mkanda wa poliesta ni bora kuliko wa nailoni, kwa sababu nailoni hurefuka ikilowa na mzigo unalegea katikati ya mvua. Ncha zinazoning'inia zifungwe kwa fundo. Ncha moja ikiingia kwenye mnyororo inafunga gurudumu la nyuma ghafla.

Kupanga ndani: vyuma, tyubu na maji viende chini na mbele, nguo na unga wa bukari juu. Lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo gawanya chupa pande zote mbili, na tofauti kati ya kulia na kushoto isizidi kilo 2. Pima kwa mizani ya sokoni, usikisie kwa mkono. Esansi ya akiba ya lita 5 ina uzito wa kama kilo 3.7, iwe kwenye bidoni ya mafuta, nje ya begi, upande usio na bomba la moshi, isijazwe hadi mdomoni kwa sababu hupanuka kwa joto. Vidonge vya dawa vifungwe kwa pamba, la sivyo mtikisiko utavifanya unga. Permi, bima na hati za pikipiki zikae mwilini mwako, si kwenye begi, kwa kuwa utaziombwa mara nyingi na kufungua sakoshi kila kizuizi ni mateso.

Pikipiki ikishabeba, irekebishe ikiwa na mzigo huohuo. Upepo wa tairi la nyuma ufuate kiasi cha mzigo kilichoandikwa kitabuni. Springi za nyuma zikazwe hatua moja au mbili. Ulegevu wa mnyororo upimwe wewe ukiwa umekaa juu ya pikipiki, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi mnyororo hukaza kadiri nyuma inavyoshuka. Uliokuwa sawa nyumbani unaweza kukaza hadi kuharibu beringi. Taa ya mbele ishushwe, maana nyuma ikilala taa hupanda na kuwapofusha wanaokuja.

Kisha endesha kilomita 10 za barabara mbovu karibu na nyumbani, kaza kila boliti na kila mkanda, na ukaze tena baada ya kilomita 20 za kwanza za safari yenyewe. Usukani ukianza kutikisika ukifika 70 au 80, punguza mwendo polepole bila kushika breki kwa nguvu, simama, na ukague kwa utaratibu huu: upepo wa nyuma, fremu iliyolegea, uzito uliozidi upande mmoja, mwisho mzigo uliokaa nyuma mno. Mara nyingi jibu ni hilo la mwisho.

Beba pia vya kutengenezea begi: kipande cha bashi cha sentimita 20 kwa 20, sindano nene na uzi wa viatu, boliti mbili za M8 na nati zake, waya mita moja, na gundi ya PVC. Gundi ya viraka vya tyubu haishiki vizuri kwenye bashi. Futa vumbi, kausha kabisa, paka pande zote mbili, subiri hadi gundi inate kidoleni bila kulowesha, ndipo ubandike na kubana kwa jiwe bapa usiku mzima.