Dawa ya kolesteroli na balungi

Nimeambiwa juzi na mfamasia huku Majengo. Kama wameza dawa ya kolesteroli, atorvastatin au simvastatin, na mapaja yote mawili yauma kana kwamba umeshinda ukipakua magunia sokoni Kongowea, acha balungi kwanza, tunda na juisi yake. Dawa usiiache mwenyewe. Balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo, yaani kemikali ya mwili inayovunja dawa, basi nyingi huingia damuni, misuli ikalipa. Kunywa juisi asubuhi na dawa usiku hakusaidii. Athari ya balungi hudumu zaidi ya siku nzima. Chungwa la kawaida halina neno. Kwa rosuvastatin, dawa nyingine ya kolesteroli, mbinu hii haifui dafu, wala kwa vigimbi vinavyokazana sababu ya dawa za presha za kukojoza: hapo kapime potasiamu. Mkojo ukiwa rangi ya kahawa tungu, hospitali leo leo.