SOMO: Shuga glaida na jua la mchana

Wakuu, kila nikimtaja shuga glaida, kile kinyama kidogo cha usiku kinachofugwa nyumbani na kuruka kwa kuteleza hewani, huulizwa: jua litampofusha? Litamuua? Mwanga wenyewe si sumu. Kwao, Australia na Guinea Mpya, mchana hulala kwenye tundu la mti, amejikunja na wenzake juu ya majani makavu, na mwale ukipenya haumdhuru. Ila macho yake makubwa yamejaa seli za kunasa mwanga hafifu, hivyo jua kali humkera vibaya. Porini angehama. Kwako hana pa kwenda, umemfungia.

Hatua ya 1: Lifuate jua. Kabla ya kuweka kizimba, shinda na hicho chumba siku moja. Piga alama za chaki sakafuni kila jua linapoangukia. Kona yenye kivuli saa mbili asubuhi inaweza kuwaka saa tisa alasiri. Mimi niliiruka hatua hii, nikarudi nikamkuta wangu amejilaza nje ya mfuko wake wa kulalia, hoi, analamba mikono. Hivyo ndivyo anavyojipoza joto likimzidi. Nilimhamishia kivulini, nikampa maji, na kizimba hakikurudi pale tena.

Hatua ya 2: Mfuko wa kulalia. Kitambaa kizito, unaning'inizwa juu, mbali na upande wa dirisha. Kagua nyuzi zilizochomoza, maana kucha zake hunasa.

Hatua ya 3: Pima joto pale anapolala. Kipimajoto cha ukutani kitakudanganya. Nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi zinamfaa. Zikikaribia 32, hiyo ni hatari. Na wenye matangi ya kioo ya mijusi au kalunguyeye, sikieni: tangi likipigwa na jua hugeuka tanuri kwa dakika chache tu.

Hatua ya 4: Usiufute mchana. Wengine huziba madirisha kwa mapazia meusi siku nzima. Mnaharibu! Saa ya mwili wake hujirekebisha kwa mwanga na giza, kwa hiyo chumba kiwe na mchana wake na usiku wake. Taa kali inayowaka hadi alfajiri ni kosa kubwa kuliko dirisha lililo wazi. Ukitaka kumtazama akicheza, tumia taa nyekundu hafifu. Zile seli za macho yake haziuhisi sana wekundu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Bila jua vitamini D ataipata wapi? Nimekuwa nikimwanika dirishani kila asubuhi.*
Acha, ndugu yangu. Kioo cha dirisha huzuia karibu miale yote ya UVB, ile inayotengeneza hiyo vitamini, kikabakisha joto. Ataipata kwenye chakula, pamoja na kalsiamu isiyopungua fosforasi. Matunda matupu hayatoshi. Ukiona miguu ya nyuma inalegea, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo.

*Wangu hutoka saa sita mchana, anakunywa maji, anarudi kulala. Anaumwa?*
Haumwi. Hata wewe huamka usiku ukanywa maji. Akianza kushinda nje siku baada ya siku, hapo angalia joto, kelele, chakula, kisha daktari.

*Naweza kutoka naye bustanini?*
Ndani ya mfuko uliofungwa zipu, kivulini, kwa muda mfupi, sawa. Kumwachia huru usithubutu, hata kama anakuzoea kiasi gani. Akishtuka ataruka hadi mtini, na mchana huo mwangavu hataona vizuri pa kurudi.

*Wangu ni zeruzeru, macho mekundu. Haya yote yanamhusu?*
Yanamhusu zaidi, dada. Macho yake hayana rangi ya kukinga mwanga, hivyo hata mwanga unaovumiliwa na wenzake humchoma. Mtundikie mifuko miwili, pande mbili za kizimba, achague mwenyewe wenye giza.