Vidomozi: soma majani ya magugu kabla ya kushika jembe

Ukikagua shamba la mishiri (maharagwe machanga yanayoliwa na ganda lake) Kirinyaga au la minji Nyandarua, usiishie kwenye zao. Inama mpakani, penye kishona nguo, mnavu na mchicha pori, uchume jani moja ulielekeze kwenye jua. Mara nyingi utaona mstari mweupe unaopindapinda, mwembamba kama uzi unakoanzia na mpana unakoishia. Hiyo ni njia ya kidomozi, yaani buu la nzi mdogo mweusi mwenye manjano mgongoni na kichwani, mwenye urefu wa milimita 2 hivi. Gugu hilo linaweza kuwa ndilo linalokuletea nzi shambani. Linaweza pia kuwa ndilo linalokufugia adui wa nzi huyo. Ni vizuri kujua ni lipi kati ya hayo mawili kabla ya kufyeka.

Nzi jike hutoboa jani kwa mkia wake. Matundu mengi ni ya kunywa utomvu tu, na machache ndiyo hutiwa yai. Dume hana kifaa cha kutobolea, hivyo hunywa kwenye matundu ya jike. Vidoa hivyo vyeupe ndiyo dalili ya kwanza kabisa, kabla ya mstari wowote. Yai huanguliwa baada ya siku 2 hadi 5, na buu hula nyama ya jani katikati ya ngozi ya juu na ya chini kwa karibu wiki moja. Kisha hutoboa, hutoka, na kwa kawaida hudondoka udongoni na kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kugeuka mdudu mzima. Penye joto, kizazi kizima humalizika ndani ya wiki 2 hadi 3. Kwenye baridi ya nyanda za juu hukawia zaidi.

Kuna aina tatu zinazosumbua sana mboga na maua kwetu. *Liriomyza trifolii* iliingia Kenya mwaka 1976 pamoja na vipandikizi vya maua ya krisanthemamu kutoka Florida, Marekani. *Liriomyza sativae* hupenda maeneo ya chini yenye joto, na *Liriomyza huidobrensis* hutawala kwenye miinuko yenye ubaridi. Zote tatu asili yao ni bara la Amerika. Hapo pana jambo ambalo wakulima wengi hawalifikirii: kishona nguo asili yake ni huko huko, na galinsoga pia, lile gugu la viua vidogo vya manjano vilivyozungukwa na petali tano nyeupe. Yote mawili ni ya ukoo mmoja na krisanthemamu. Nzi aliposhuka kwetu alikuta chakula cha kwao kimeshajaa mashambani.

Ndiyo maana hatoweki ukivuna. Zao likiisha, anahamia kwenye kishona nguo, mnavu, mchunga, mnanaha na mchicha pori, anazaana huko, kisha anarudi mishiri mipya inapochipua.

Usikimbilie kufyeka kila kitu, lakini. Ndani ya mistari hiyo hiyo wanaishi nyigu wadogo sana, wasiomuuma mtu. Mmoja wao, *Diglyphus isaea*, humdunga buu akapooza, kisha hutaga yai ubavuni pake. Mtoto wa nyigu hulila buu lote na kubakiza ngozi. Ukichukua kioo cha kukuzia, utaona jambo la ajabu: kabla ya kuwa pupa, mtoto huyo hupanga nguzo ndogo nyeusi za kinyesi chake kujizunguka, vinguzo vikishikilia ngozi ya jani isimlalie inapokauka. Ukiona mstari mfupi uliokatika ghafla, na ndani yake buu la kahawia lililosinyaa au vinguzo hivyo, jua nyigu wako kazini. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao yake Nairobi, kilileta pia nyigu wengine kutoka Peru, akiwemo *Phaedrotoma scabriventris*, kwa kuwa nzi hawa walikuja bila maadui wao wote. Na huko Florida watafiti waliochunguza magugu kandokando ya nyanya waliwakuta nzi pamoja na nyigu wao kwenye mnavu na kwenye jamaa wa karibu wa kishona nguo.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Chuma majani 20 au 30 ya gugu yenye mistari ambayo bado ina buu ndani, uyatie kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mpana juu ya karatasi kavu, na ufunge mdomo kwa kitambaa chepesi. Iweke kivulini, mbali na dawa. Baada ya wiki 2 hadi 3 angalia waliotoka. Nzi wana manjano mwilini na mabawa mawili, na nyigu ni weusi au wa kijani kinachometameta, wana kiuno chembamba na vipapasio vinavyoonekana wazi. Nyigu wakiwa wengi, uache mpaka huo, upunguze tu mbegu zake zisiingie shambani. Nzi wakiwa ndio karibu wote, fyeka.

Muda wa kufyeka ni muhimu kuliko kufyeka kwenyewe. Magugu ya ndani ya shamba na ya kando ya kitalu yaondolewe wiki 3 kabla ya kupanda. Ukiyang'oa siku mishiri inapotoa majani yake mawili ya kwanza, unawafukuza nzi wazima kutoka gugu hadi kwenye mche usio na nguvu ya kustahimili. Na magugu yenye mistari usiyaache yamelala matutani, maana buu lililokomaa hutoka kwenye jani linalonyauka na kuingia udongoni kama kawaida. Yatie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, uuache juani wiki kadhaa. Masalia ya zao yafanyiwe hivyo hivyo mara tu baada ya kuvuna, na zao jipya lisipandwe ubavuni mwa lile kuukuu.

Si kila mstari kwenye jani la porini ni wa adui. Kwenye lantana, kichaka cha maua kinachoenea kama gugu, kuna nzi mwingine, *Ophiomyia camarae*, aliyeachiliwa Afrika Kusini mwaka 2001 ili aidhoofishe lantana. Chakula chake ni lantana, hivyo mishiri yako haina la kuogopa kwake. Mabaka mapana kwenye nyanya nayo mara nyingi ni ya kantangaze, ambaye ni nondo, na hadhibitiwi kwa njia hizi.

Kuhusu dawa nasema kwa msisitizo: usipulizie kwa sababu umeona mistari michache kwenye majani ya chini. Mishiri iliyokua huyavumilia hayo. Viuatilifu vya jamii ya pairethroidi huwaua nyigu walio wazi juu ya majani huku buu limejificha ndani, na wakulima wengi wamejiletea mlipuko wa vidomozi kwa njia hiyo. Miche ikishambuliwa sana, au zao likiwa la majani kama spinachi au la kuuzwa nje, ambako hata doa huleta hasara, tumia dawa inayopenya jani, kama abamektini au siromazini, iliyosajiliwa kwa zao hilo. Zibadilishane, maana nzi hawa huzoea dawa upesi. Fuata kipimo na siku za kungoja kabla ya kuvuna kama kibandiko kinavyosema, na upulizie zao peke yake, dawa isipeperuke hadi kwenye mpaka ulioamua kuuacha.